Kwato za Ng'ombe wa Maziwa na Chumvi ya Madini

Ng'ombe wa maziwa anapoanza kuchechemea, mwenyewe hutazama kwanza kama amekanyaga jiwe au msumari. Kutazama hivyo ni vema, lakini mara nyingi hapana jiwe wala msumari. Ukwato wenyewe ni dhaifu, umepasuka au umelainika, na huenda chanzo chake ni upungufu wa chakula wa miezi mingi iliyopita.

Upande wa Nakuru upungufu wa namna hii una historia. Zamani za walowezi ng'ombe wa huko walikonda wakabaki mifupa na ngozi, hali majani yalikuwa tele mbele yao. Maradhi yakaitwa "Nakuruitis". Baadaye ikajulikana kwamba malisho yale yalikuwa na upungufu wa kobalti, madini ambayo wataalamu wa Australia walionyesha faida yake katika mwaka wa 1935. Vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hutumia kobalti kutengeneza vitamini B12; pasipo hiyo, mnyama hukosa hamu ya kula hata akiwekewa majani mazuri.

Kwa kwato, madini yaliyo muhimu zaidi ni zinki na shaba. Ukwato umejengwa kwa kitu kile kile kijengacho pembe na nywele, nacho hakikomai barabara pasipo madini hayo. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo: katika kilo moja ya chakula kikavu, zinki kama miligramu 50 na shaba kama miligramu 10. Majani ya Napier peke yake mara nyingi hayafiki hapo. Wafugaji wengi hutoa magadi wakidhani yametosha, lakini magadi ni soda tu. Yafaa kununua chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, na kuiweka mahali penye paa isinyeshewe.

Lakini subira inatakiwa. Ukwato hukua kama milimita 5 kwa mwezi, basi aachaye chumvi baada ya wiki tatu kwa kuwa hakuona kitu amepoteza fedha zake.

Wengine, wakisikia habari za shaba, hununua mrututu na kuutia katika chakula kwa kukisia. Hiyo ni hatari kubwa. Shaba ikizidi huua, na kondoo hufa upesi kuliko ng'ombe. Chumvi ya ng'ombe isiwekwe mahali po pote kondoo wanapofika. Kazi ya mrututu ni kuoshea kwato, kilo 5 katika lita 100 za maji, na maji hayo yasimwagwe malishoni wala mtoni.

Wala chumvi haitamsaidia ng'ombe asimamaye katika mavi na mkojo usiku kucha. Banda likauke, na kwato zilizorefuka zikatwe na mtu aijuaye kazi hiyo. Ng'ombe ambaye mguu wake umevimba juu ya ukwato, una joto na kunuka, aitiwe daktari wa mifugo siku ile ile.