Pima Mwanga Usoni, Si Kwenye Gauni

Mwanafunzi wangu mmoja alipiga picha za arusi ya dadake kanisani kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, bila flashi. Alipoisafisha, gauni lilionekana bayana, mshono kwa mshono. Uso wa bibi arusi ukawa kivuli kitupu. Nyanya yao aliigeuzageuza picha, akauliza, "Mjukuu wangu yu wapi?"

Nakiri, kosa lilikuwa langu mwalimu. Sikuwa nimemfunza kwamba kipimamwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Kikiona gauni jeupe, hudhani mwanga ni tele, nacho huupunguza. Ngozi yetu nyeusi ndiyo inayolipa deni hilo. Yafaa kuusogelea uso, kupima hapo, kisha kurudi nyuma na kupiga bila kubadilisha kipimo.

Wapo wanaodai kuwa filamu ya 400 ikipimwa kama ya 1600, kisha ikasafishwa kwa muda mrefu zaidi, mambo yote hutengemaa. La hasha! Dawa ya kusafishia hukoleza weupe. Sehemu ambayo haikupata mwanga haifufuki. Heri kuifungua lenzi hadi alama ya 2, kutumia sekunde 1/60, na kumngoja bibi arusi afike karibu na dirisha.

Flashi ingerahisisha kazi, lakini ingeyafukuza machozi ya mama mzazi kabla hayajadondoka. Walimu wenzangu, tuwafunze vijana subira hii. Gauni huazimwa, uso hauazimwi.