Arusha, Mji wa Baridi Chini ya Mlima Meru

Hata kama kwenu ni Tabora, Songea au Ukerewe, jina la Arusha umelisikia mara nyingi. Umelisikia shuleni kwa ajili ya Azimio la mwaka 1967. Umelisikia redioni kwa ajili ya mikutano: mapatano ya Warwanda yalitiwa sahihi hapa mwaka 1993, na ya Warundi mwaka 2000. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wakuu wa mauaji ya Rwanda ilikaa hapa mpaka mwisho wa mwaka 2015, na makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa. Tena labda unaye kijana aliyekuja huku kutafuta kazi kwa watalii, naye kila akileta salamu husimulia habari za baridi.

Basi leo tuwaache wakubwa na mikutano yao, tuutazame mji wenyewe. Arusha ni jiji, na hesabu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 600,000. Lakini ukitoka barabara kuu ukatembea nusu saa tu kuelekea mlimani, utakuta migomba, kahawa chini ya migomba, ng'ombe wawili watatu ndani ya banda wakikatiwa majani, na mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni. Jiji hili halijaacha kuwa kijiji. Chakula chake, maji yake, na hata magomvi yake, vyote vinashuka kutoka mlimani.

Mlima Meru una urefu wa futi 15,000 hivi, yaani zaidi ya mita 4,500. Ni mlima wa moto. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote ukamwagika chini, ndiyo maana ukiutazama kutoka upande huo unaonekana kama chungu kilichovunjika mdomo. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910. Upande wa kusini hupata mvua nyingi, na huko ndiko watu walikojaa. Upande wa kaskazini ni mkavu, nchi ya mifugo na vumbi.

Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mwezi wa Juni na Julai wingu hushuka, na siku nyingine jua halionekani mpaka mchana. Usiku joto hupungua hata kufika nyuzi 10 au 12. Mtu wa pwani hushangaa kuona makonda wa daladala wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Ukija miezi hiyo, njoo na blanketi. Tena, mzazi, mwonye kijana wako: asilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imekwisha kuua watu usingizini.

Maji ya mlima huu ni baraka, lakini yana hila. Vijito vya Themi, Naura na Ngarenaro vinapita katikati ya mji. Jina hili la Ngarenaro ni la Kimaasai, maana yake maji meusi. Lakini miamba ya mlima wa moto ina madini ya floraidi, na chemchemi nyingi huyachukua yakapita kiasi. Mtoto akinywa maji hayo tangu utotoni, wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, huota meno ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki wala kwa majivu. Akiyanywa miaka mingi, na kama floraidi imezidi sana, hata mifupa ya miguu huweza kupinda. Wengi wa huku wamepata aibu ya meno hayo walipokwenda kusoma mikoa mingine, wakadhaniwa ni wachafu au wavuta tumbaku. Si haki hata kidogo. Shirika la Afya la Dunia linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini mahali pengi kuuzunguka mlima inazidi.

Akina mama na waangalie jambo hili: kuyachemsha maji hayo hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, na hilo ni jema, lakini floraidi inabaki, tena inazidi ukali kwa kuwa maji yamepungua. Magadi ya kulainishia maharage nayo huiongeza. Dawa iliyo karibu ni maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, hasa kwa watoto wadogo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachofundisha kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikasagwa. Mtu husita anaposikia habari ya mifupa, lakini kazi yake inaonekana.

Wenyeji wa mlima ni wa makabila mawili. Wameru wako mashariki, na lugha yao inakaribiana na Kichagga. Waarusha wako magharibi na kusini, nao husema Kimaasai, ila waliacha kuhamahama wakashika jembe. Chakula chao cha sifa ni loshoro, yaani mahindi na ndizi kwa maziwa ya mgando. Ukikaribishwa, usikatae. Siku ya Jumamosi nenda soko la Tengeru uone parachichi, maharage na mikungu ya ndizi, na jinsi akina mama wa Kimeru wanavyojua kubishana bei.

Tukitaja Tengeru, kuna habari ambayo Wakatoliki wengi hawaijui. Mwaka 1940 Warusi waliwakamata Wapolandi wengi wakawapeleka Siberia, kwenye baridi ambayo kando yake baridi ya Arusha ni mchezo. Walipofunguliwa walipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 wengine wakaletwa Afrika Mashariki. Hapa Tengeru walikaa kama 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Walijenga kanisa, shule na hospitali, wakalima, na kambi ikadumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliofia hapa wamezikwa hapa, na makaburi yao bado yanatunzwa, misalaba imepangwa vizuri karibu na chuo cha mifugo.

Nikiyafikiri makaburi hayo naona jambo la ajabu. Watu waliofukuzwa kwao na dola kubwa walipewa mahali pa kukaa chini ya mlima huu, na kambi yao ilikuwa haijapoa moto wenyeji wa mlima huu walipofukuzwa kwao na serikali ile ile iliyowapokea wageni.

Jambo lenyewe lilianza zamani za Wadachi. Baada ya wamisionari wawili wa Kilutheri kuuawa Akeri mwaka 1896, Wadachi walileta vita, wakachukua mifugo na kuharibu migomba. Kisha watu walilazimishwa kujenga Boma, lile ambalo leo ni makumbusho katikati ya mji. Wakaja Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, wakaja na walowezi wengine, mpaka mashamba yao yakauzunguka mlima kama mshipi. Juu ni msitu wa serikali, chini ni mashamba ya Wazungu, na wenyeji wamebanwa katikati.

Waingereza waliurithi mshipi huo. Mwezi wa Novemba 1951, ili kupata eneo la mifugo kwa walowezi, waliwaondoa Wameru kama 3,000 katika nchi yao ya Engare Nanyuki. Nyumba zilichomwa moto, watu na mifugo wakapelekwa King'ori. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kwenda Umoja wa Mataifa New York. Hapo mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya mataifa akaeleza jinsi watu wake walivyotendewa. Hiyo ilikuwa miaka 3 kabla ya Mwalimu Nyerere kufika huko mwaka 1955. Ardhi haikurudishwa mara ile, lakini mpango wa walowezi haukudumu, na leo Engare Nanyuki wanakaa Wameru, wanalima nyanya kwa maji ya mifereji.

Upande wa dini, Walutheri walitangulia mlimani, nao ni wengi hata leo. Sisi tulikuja baadaye kwa juhudi ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Jimbo lilianzishwa mwaka 1963, askofu wa kwanza akiwa Dennis Durning, likawa jimbo kuu mwaka 1999. Kanisa kuu ni la Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, huko mjini. Jimbo linakwenda mbali hata Umaasaini, Loliondo na Ngorongoro, na huko padre huweza kusafiri kutwa nzima kwa ajili ya Misa moja.

Siku hizi anayeibana nchi ya mlima si Mzungu tena. Mzee mwenye ekari mbili na wana watano anagawa, na kila mwana anapata kipande kisichotosha hata mahindi ya mwaka. Mmoja anauza kiwanja apate mtaji wa pikipiki, na mnunuzi anajenga nyumba ya ghorofa na ukuta. Kahawa inang'olewa, kwa sababu kiwanja kina bei kuliko mavuno ya miaka mingi. Sithubutu kumlaumu kijana yule, maana ana njaa na ana mke. Lakini mifereji iliyochimbwa na mababu ilikuwa na zamu zake na wazee wa kuisimamia. Sasa ukuta unakatiza mfereji, na aliye bondeni anaamka usiku wa manane mwezi wa Julai, kajitanda blanketi na taa mkononi, kupanda kilima kutazama maji yameishia wapi.