Dirisha Chini ya Bahari

Kuishi chini ya bahari katika Dwarf Fortress si kazi kubwa. Kazi ni kuiona bahari ukiwa humo.

Anayetaka kuishi tu, njia yake ni ya moja kwa moja. Unaanzia nchi kavu, mbali kidogo na ufuko, unachimba ngazi hadi chini kabisa ya kimo cha sakafu ya bahari, kisha unageukia upande wa maji na kuchimba njia ya ulalo. Mwamba ulio chini ya bahari hauvuji. Humo vibeti wako watapata mabweni, karakana za pombe na ukumbi wa kulia, huku papa wakipita matabaka mawili juu ya vichwa vyao, na hakuna tone litakalodondoka. Ila chumba cha mawe chenye giza ni chumba cha mawe chenye giza popote kilipo. Mchezaji hajisikii kwamba yuko baharini mpaka lile paa la mwamba litoke na mahali pake pakae kioo. Hapo ndipo wengi hupoteza ngome zao.

Kwa asiyeufahamu mchezo: Dwarf Fortress umetungwa na ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Tarn alisomea hisabati hadi shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, na hilo linaonekana katika kila pembe ya kazi yake. Toleo la kwanza lilitolewa bure Agosti 2006, likiwa na herufi na alama za kompyuta badala ya picha. Mwaka 2012 jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilitangaza kuuingiza katika hazina yake. Toleo lenye picha, linalouzwa kwenye Steam, lilikuja Desemba 2022. Mchezaji anasimamia vibeti wanaojenga ngome, lakini hamwendeshi kibeti yeyote kwa mkono. Anaweka alama tu, hapa pachimbwe, pale pajengwe, nao wanatekeleza wakipenda, wakishashiba na kulewa.

Hadi mwaka 2007 dunia ya mchezo huu ilikuwa bapa. Mwaka huo matabaka ya juu na chini yaliongezwa, na maji yakapata kitu ambacho hayakuwa nacho: kimo. Tangu hapo bahari ikawa na kina, nacho kina kikaleta msukumo.

Maji ya Dwarf Fortress hayafanani na yale ya michezo mingi, ambayo ni rangi ya buluu iliyopakwa juu ya ardhi. Dunia imegawanywa katika miraba, na kila mraba una kiasi cha maji kinachohesabiwa kuanzia sifuri hadi saba. Moja ni tope la kulowesha nyayo, nalo hukauka lisipoongezewa. Kuanzia nne, kibeti hapiti tena kwa hiari yake. Saba ni mraba uliojaa pomoni. Kila mraba unawatazama jirani zake na kugawana nao kilichopo, na kutokana na kanuni hiyo ndogo yanapatikana maporomoko, madimbwi na mafuriko ambayo hakuna aliyeyaandikia programu yake.

Kanuni ya pili ndiyo inayoua. Maji yakibanwa na maji mengine juu yake, hayasubiri kugawana taratibu. Yanafuata mlolongo wa miraba iliyojaa mpaka yapate nafasi tupu, na yanatokea pale papo hapo, mradi pasiwe juu kuliko kimo yalikotoka. Kwa hiyo kibeti akigusa kwa sururu mraba mmoja tu unaopakana na bahari, yanayoingia si mchirizi. Njia nzima inajaa, ngazi inajaa, kila chumba kilicho chini ya usawa wa bahari kinajaa, nayo bahari haipungui hata kidogo kwa sababu pembezoni mwa ramani inaendelea kujazwa bila kikomo. Mchezo una huruma kidogo: mchimbaji akifichua jiwe lenye unyevu, kazi inasitishwa na unaarifiwa. Wachezaji huipuuza taarifa hiyo kwa sababu imekuja mara nyingi, wanarudishia alama, na kibeti mtiifu anarudi kumalizia.

Kuna mwanya katika kanuni hiyo, na wakongwe wanaupenda sana. Msukumo husafiri kwa pande nne, na juu na chini, lakini haupiti kona kwa kona. Ukichimba njia yako ili mahali pamoja miraba miwili igusane kwa pembe tu, maji yatapenya pale, ila yatapenya kivivu, yakigawana moja moja. Muda huo unatosha kukimbia. Katika dunia yetu hakuna mhandisi anayeweza kuituliza bahari kwa kukata kona, na nadhani ni vizuri kukumbuka kwamba hapa tunashindana na hesabu ya Tarn Adams, si na bahari.

Tofauti hiyo inajitokeza zaidi ukiulizia hewa. Mwaka 1963 Jacques Cousteau na wenzake walijenga makazi chini ya Bahari ya Shamu, kwenye miamba ya Sha'ab Rumi karibu na Port Sudan, na wanaume watano wakaishi humo takriban mwezi mzima, mita kama 10 chini ya maji. Nyumba ile ilikuwa na tundu wazi sakafuni, na bahari haikuingia, kwa kuwa hewa ya ndani ilisukumwa hadi ikalingana nguvu na maji ya nje. Hewa ndiyo ilikuwa ukuta wao. Katika Dwarf Fortress hewa haihesabiwi kabisa. Unaweza kuwafungia vibeti mia katika chumba kisicho na tundu kwa miaka kumi na wakaendelea kuvuta pumzi, lakini tundu la sakafuni la Cousteau lingewazamisha mara moja. Anayetaka kuhangaika na pumzi atafute Oxygen Not Included, mchezo wa mwaka 2019 kutoka Kanada, ambao takriban kila jambo lake linaanzia kwenye hewa. Huku kwetu adui ni mmoja.

Basi turudi kwenye dirisha. Kioo hakiwekwi ndani ya maji. Ili kibeti asimame na kujenga, mahali pale lazima pawe pakavu, na baada ya kujenga bahari lazima irudi, la sivyo umejenga chumba cha kioo kinachotazama shimo. Kwa maoni yangu, mbinu zote za ujenzi huu zipimwe kwa swali hilo la pili, ambalo wachezaji wengi hulisahau wanapopiga hesabu ya lile la kwanza: bahari itarudi vipi?

Mbinu yenye kishindo zaidi ni kuangusha mlima. Jiwe la asili likikatwa pande zote likabaki linashikiliwa na nguzo moja, nguzo ikiondolewa kwa kuvuta wenzo, jiwe zima linaporomoka likiwa limeungana, linapita ndani ya maji na kutua sakafuni, likichukua nafasi ya maji yaliyokuwapo. Ukuta uliojengwa kwa mkono haufanyi hivyo. Ukianguka unatawanyika kuwa matofali na magogo uliyoutengenezea. Tatizo ni kwamba fuko nyingi ni tambarare, na mlima wa kuangusha lazima uwe juu ya mahali penyewe. Wenye subira huutengeneza. Wanapandisha magma kutoka chini ya ardhi hadi kwenye jukwaa juu ya bahari, wanaimwagia maji, nayo inakuwa obsidiani, ambayo mchezo unaihesabu kuwa jiwe la asili. Pampu ya kupandishia magma iwe ya chuma au ya kioo. Ya mti itaungua, ya shaba itayeyuka. Ukishaangusha pete ya obsidiani kuzunguka kiwanja chako, maji yaliyobaki katikati yananyonywa mara moja tu, kwa kuwa hayana tena pa kutokea.

Ni kazi ya kusifiwa. Lakini pete hiyo sasa imesimama kati ya dirisha lako na samaki. Kuivunja kutoka ndani ni kujizamisha, kwa hiyo lazima uwe umeacha lango la maji ukutani mwake, na hata ukilifungua, chumba chako kitatazama dimbwi lililozungushiwa ukuta mweusi. Sioni faida ya kumwaga magma yote hiyo kwa ajili ya mandhari ya kisima.

Pampu ni habari nyingine. Pampu ya mchezo huu ni ile parafujo kubwa inayohusishwa na Archimedes: bomba, parafujo na tofali moja la kuzibia. Inachota maji kutoka tabaka lililo chini yake upande mmoja, na kuyatema upande wa pili. Pampu moja baharini haina maana, kwa sababu mraba inaoukausha unajazwa na jirani zake hapo hapo. Ndiyo maana hupangwa kwa duara juu ya jukwaa, zote midomo ikitazama ndani na mikia ikitemea bahari iliyo nje. Zikianza kwa pamoja, namba zilizo katikati zinashuka: saba, tano, tatu, mbili, moja, pakavu. Vibeti wanashuka na matofali ya kioo, wanaziba pande, wanahamishia pampu tabaka la chini yake na kuanza upya.

Kosa la kawaida ni kuwaachia vibeti waziendeshe kwa mikono. Kibeti akishikwa na kiu anaacha pampu na kwenda kunywa, na bahari haimsubiri arudi. Pampu zinataka nguvu ya mashine. Kila moja hula nguvu 10, na gurudumu la maji hutoa 100, likijitumia lenyewe 10. Msomaji aliyesoma fizikia ameshaona kinachofuata: pampu moja inaweza kuzungusha maji yanayosukuma gurudumu linaloiendesha pampu ile ile, na bado nguvu ikabaki ya kugawa. Mitambo ya namna hiyo imejaa katika ngome za watu, na hakuna anayeona haya.

Uzuri wa pampu ni mwisho wake. Kioo kikishakamilika unazizima, na bahari inarudi yenyewe, bila pete, bila lango, hadi kwenye ngozi ya kioo.

Kwenye ramani za baridi kali hata hizo hazihitajiki. Msimu wa baridi maji yaliyo wazi kwa anga huganda, na barafu huchimbwa kama jiwe lolote. Unachonga shimo, unajenga chumba chako cha kioo ndani yake, unakifunga, unaondoa watu wote. Joto likirudi barafu inayeyuka yote kwa pamoja. Mbinu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa haisamehe: maji yakiganda ghafla kibeti akiwa ndani yake, amekwisha, na chumba ambacho hakikufungwa kabla ya kuyeyuka kitakuwa sehemu ya bahari.

Kuhusu kioo chenyewe, hakuna haja ya gharama. Kioo cha kijani kinahitaji mchanga na makaa tu, na kinazuia maji sawasawa na kile cheupe kinachohitaji majivu yaliyosafishwa. Ukuta uliojengwa haupasuki kwa msukumo, hata uwe na matabaka 20 ya maji juu yake. Hivyo hatari iliyobaki haiko kwenye kioo, iko milangoni. Lango la maji likiamriwa kwa wenzo husubiri hatua 100 za saa ya mchezo kabla ya kujifunga, na hizo zinahesabiwa baada ya kibeti kuamka, kutembea na kuuvuta huo wenzo. Mlango wa kawaida uliounganishwa na wenzo hujifunga papo hapo, ila kitu kikiwa kimedondoka kizingitini haufungiki. Soksi moja inatosha. Ngome zimezama kwa soksi. Kwa hiyo njia ya kwenda kwenye chumba cha kioo iwe na vizuizi viwili vya aina tofauti, na wenzo wao uwe karibu na ukumbi wa pombe, ambako hakukosi mtu.

Limebaki jambo la kompyuta yenyewe. Bahari iliyotulia haigharimu chochote cha maana, kwa kuwa miraba iliyojaa haina cha kugawana. Bahari inayonyonywa na kutemwa na pampu 30 inalazimisha maelfu ya miraba kuhesabiwa upya kila hatua, na mchezo uliokuwa ukienda mbio unaanza kukokota miguu. Ngome nyingi za chini ya bahari hazikuzama. Zilipungua mwendo mpaka mwenyewe akachoka. Zima pampu kabla hujaingiza hata kitanda.