Wiki ya mbalamwezi chini ya michikichi

Huku Kizuka, na kote ufukweni mwa Rumonge nchini Burundi, mwezi ndio unaopanga kazi za mafundi. Ndagala (dagaa) huvuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi balbu za betri na sola. Mwezi ukijaa, mwanga wa taa unamezwa na ule wa angani, samaki hawajikusanyi, na wavuvi wanabaki nchi kavu karibu wiki nzima. Mgeni akipita siku hizo atasema pwani imelala. Haijalala. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inakalafatiwa, na mashine zinafunguliwa tezini, zinabebwa begani na kulazwa juu ya magunia chini ya michikichi. Ndiyo wiki ya fundi.

Tukiandika mila za wavuvi wa Ziwa Tanganyika tunataja nyavu, makasia na vichanja vya kuanikia samaki. Fundi wa mashine tunamwacha, kana kwamba chuma kilichotoka Japani hakiwezi kuzaa desturi. Naona tunamdhulumu. Anayeifungua mashine leo alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mwingine, na walichorithishana hakimo katika kitabu chochote cha kiwandani.

Kazi huanza kwa maneno. Fundi hashiki spana kabla ya kumhoji nahodha.

"Asalaam aleikum, mzee. Mashine inakohoa."

"Waaleikum salaam. Inakohoa ikiamka, au ikiwa safarini?"

"Safarini, tukiongeza moto."

"Basi ni koo, mwanangu, si tumbo."

Koo ni njia yote ya hewa, kuanzia mdomo wa kabureta hadi ndani. Tumbo ni silinda. Mashine iliyopewa mafuta kuliko hewa imelewa. Iliyopewa hewa kuliko mafuta ina njaa, na njaa ndiyo inayotisha, maana pistoni hupata moto mpaka ikatoboka.

Na hewa ya hapa ina mambo yake. Maji ya Tanganyika yako mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Kizuka ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu asilimia 8. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya baharini haijui hilo. Inazidi kumimina petroli, na mashine inalewa taratibu: nguvu zinapungua, moshi unaongezeka, buji inatoka nyeusi tii. Buji ndiyo plagi. Mafundi wa huku wamelichukua neno hilo kutoka Kifaransa. Ikiwa na masizi, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, zima mara moja. Ikiwa na rangi ya kahawa isiyoiva sana, iache ilivyo.

Nyuma ya kabureta kuna vibati vyembamba vinavyofunguka hewa ikiingia na kufunga isirudi. Wavuvi wanavielewa upesi, kwani vinafanya kazi kama mashavu ya samaki, njia moja tu. Kibati kimoja kikimeguka, mashine inatema petroli kwa kinywa kile kile ilichomezea, na kuiwasha ni jasho.

Suala la pumzi ya mashine si la Kizuka peke yake: huko Marekani wapo watu wanaojiundia ndege nyumbani, na baadhi yao hufunga humo injini ya Mazda ya mzunguko, ile aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel na ambayo mfano wake wa kwanza uliwaka mwaka 1957. Haina pistoni wala vali. Rota yenye pembe tatu ndiyo inayofungua na kuziba matundu. Kinachowakesha watu hao ni urefu wa mabomba ya kuvutia hewa. Wimbi la mgandamizo hukimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, likafika mwisho, likarudi. Likikuta tundu li wazi, linasukuma ndani hewa ya ziada. Bomba refu lafaa mwendo wa polepole, fupi lafaa mwendo wa kasi. Mpiga zumari angewaelewa mara moja. Fundi wa Kizuka hagusi urefu wa koo, kiwanda kimeshaupima, lakini pale sauti inapojaa ghafla na mtumbwi ukanyanyua pua, anajua mashine imepata pumzi yake.

Kinachowasumbua mafundi kuliko hewa ni petroli. Tangu uhaba wa mafuta ulipokaza Burundi, petroli hufika ufukweni kwa madumu, imepita mikono mingi, nyingine ina maji, nyingine imetiwa mafuta ya taa. Desturi mpya imezaliwa: kijana humimina kidogo kwenye chupa angavu, akaiacha itulie mpaka maji yashuke chini, kisha akaichuja kwa kitambaa. Oili inayochanganywa na petroli ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. Hapo hakuna kubana matumizi. Pistoni ikikwama usiku wa manane, na upepo wa kusini wa kiangazi unavuma, watu watapiga kasia hadi asubuhi.

Mashine iliyolewa ni suala la kila mtu chomboni, kwa sababu gharama za mafuta hutolewa kwanza, ndipo mwenye chombo na wavuvi wagawane kilichobaki. Robo ya mzunguko wa skrubu ya kabureta inaonekana kwenye mgao.

Ndiyo maana mwanafunzi hapewi skrubu mapema. Miezi na miezi ataosha kabureta na kupuliza vitundu kwa mdomo, na ole wake akichomeka waya, kwa kuwa tundu likipanuka hata kidogo halirudi. Baadaye mashine mbili hutumbukizwa miguu katika mapipa ya maji na kuwashwa, kijana akageuzwa mgongo, akaambiwa aseme ipi imelewa na ipi ina njaa. Akikosea anarudi kwenye kuosha. Hagombezwi.

Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, mashine zinarudishwa tezini. Fundi ananawa grisi kwa sabuni ya mawese, anasogea karibu na maji, anasimama. Mitumbwi iliyofungwa miwili miwili kwa boriti inaondoka gizani, na yeye anahesabu kwa sikio. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ina njaa kidogo. Alfajiri, kina mama wakiwa bado wanapatana bei ya ndagala, atamwita pembeni nahodha wa ile ya tatu.