Wingu na Daftari: Maelezo ya Kumchagua Mtoa Huduma ya Kompyuta za Mbali

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Waliponena hayo, daftari lilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Mfanyabiashara wa Mombasa au wa Unguja aliandika humo nani kakopa, nani kalipa, na shehena gani imeingia bandarini. Usiku akalifungia sandukuni, akalala na ufunguo wake. Siku hizi daftari hilo aghalabu halimo dukani. Limo katika kompyuta za watu wengine, pengine katika nchi ambayo mwenye mali hajapata kuikanyaga, naye hulifikia kwa njia ya intaneti. Huduma hiyo ndiyo iitwayo "wingu". Kwa hiyo mfanyabiashara anapomchagua mtoa huduma, jambo analoliamua hasa ni nani atamkabidhi daftari lake, na kwa masharti gani. Makala haya yaeleza mambo yapasayo kupimwa kabla ya kutia sahihi, na jinsi maneno yenyewe ya mapatano yanavyoweza kumsaidia mtu au kumpoteza.

Maana ya neno "wingu"

Maelezo yanayotegemewa zaidi ya huduma hii yalitolewa Septemba 2011 na taasisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani. Kwa maelezo hayo, huduma huitwa wingu ikiwa na sifa tano: mteja hujihudumia mwenyewe bila kumngoja mtu, huduma hufikiwa kwa mtandao, vyombo vya mtoa huduma hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja, huduma huongezeka na kupungua upesi kwa kadiri ya haja, na matumizi hupimwa, kama yapimwavyo maji kwa mita. Sifa ya nne yafaa kuitwa "unyumbufu", neno ambalo mwanafunzi wa sarufi hatalikuta geni, kwani ni la ukoo mmoja na "mnyumbuko" wa vitenzi.

Kadhalika huduma hizo zimegawanywa mafungu matatu, nayo hufahamika vyema kwa mfano wa mtu anayetafuta pa kukaa. La kwanza ni kama kukodi nyumba tupu: mteja hupewa kompyuta na ghala za data, na mengine yote hujiletea mwenyewe. La pili ni kama kukodi nyumba yenye jiko na vyombo vyake: mteja huleta programu aliyoiandika, na mtoa huduma huisimamia mitambo inayoiendesha. La tatu ni kama kukaa hotelini: programu yenyewe ni ya mtoa huduma, na mteja huitumia tu, kama wafanyavyo watu kwa barua pepe au kwa programu ya hesabu. Kadiri mteja anavyokaribia hoteli ndivyo kazi yake inavyopungua, na uwezo wake wa kubadili mambo nao hupungua vivyo hivyo.

Yafaa kutahadhari na neno "wingu" lenyewe. Wingu la angani halina mwenyewe, halina mlango, wala haliko chini ya serikali yoyote. Hili la kompyuta lina jengo, lina mwenyewe, lina umeme unaoweza kukatika, na liko chini ya sheria za nchi lilimojengwa. Usiku wa Machi 10, 2021, moto ulizuka katika majengo ya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote na la pili kwa sehemu. Walikuwapo wateja waliopoteza data zao daima, wengine kwa kuwa hawakuweka nakala mahali pengine, wengine kwa kuwa nakala zao zilikuwa hapo hapo penye moto. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtoa huduma ni la mahali: daftari litakaa wapi, nakala yake itakaa wapi, na je, sehemu hizo mbili ziko mbali kiasi cha kutoweza kuunguzwa na moto mmoja?

Umbali na njia

Mahali pana jambo jingine pia, nalo ni umbali. Nuru ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 yataka basi sehemu ya ishirini ya sekunde kwenda, na kama hiyo kurudi. Jumla ni sehemu ya kumi. Mtu mmoja akiuliza swali moja hataona tofauti. Lakini programu ya dukani ikiwa imeandikwa hivi kwamba ukurasa mmoja hupeleka maswali arobaini, moja baada ya jingine, mnunuzi atangoja sekunde nne, na foleni itarefuka. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon kile cha Cape Town mwaka 2020, na Google kile cha Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Dar es Salaam asidhani kwamba kilicho karibu kwenye ramani ndicho kilicho karibu kwa njia ya data, kwani data hufuata mikongo ilikopitishwa. Na ajipimie mwenyewe, kwa siku kadhaa na kwa saa za kazi, kabla ya kuamini maneno ya muuzaji.

Njia yenyewe nayo hukatika. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010, ikaondoa unyonge wa kutegemea satelaiti peke yake. Mnamo Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Siku kama hiyo kompyuta za mtoa huduma huwa nzima kabisa, wala hakuvunja ahadi yoyote. Mwenye duka ndiye asiyezifikia. Hapana budi basi kuuliza kama programu yaweza kuendelea kuuza na kuandika stakabadhi hapo hapo dukani, kisha ikapatanisha hesabu njia inaporudi.

Sheria mbili juu ya daftari moja

Daftari la biashara lina majina ya watu, namba zao za simu, na madeni yao. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa za namna hiyo mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hizi zote zaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na mwenye kuulizwa kwanza ni mfanyabiashara aliyezikusanya.

Tena, nchi ya jengo na nchi ya mwenye jengo ni mambo mawili. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, kampuni iliyo chini ya mamlaka ya nchi hiyo yaweza kuamriwa kwa njia ya sheria kutoa data iliyo mikononi mwake, hata kama data hiyo imehifadhiwa nje ya Marekani. Yule anayedhani kwamba kuchagua jengo la Afrika Kusini kumemaliza swali la sheria amelijibu nusu tu.

"Kupatikana" na "kuhifadhika"

Hapa ndipo elimu ya lugha inapohusika moja kwa moja. Mtoa huduma huahidi kwamba huduma yake "itapatikana" kwa asilimia fulani ya muda. Asilimia 99.9 yasikika kuwa ni ukamilifu. Lakini mwezi wa siku 30 una dakika 43,200, na sehemu moja ya elfu ya hizo ni dakika 43 na zaidi kidogo. Asilimia 99.99 huacha dakika 4 na sekunde chache. Ikiwa kazi yataka huduma mbili kwa pamoja, kila moja ya asilimia 99.9, na kila moja yaweza kusimama kwa wakati wake, basi kosa laongezeka hata kukaribia dakika 86. Na ahadi ikivunjwa, fidia kwa desturi ni punguzo katika hesabu ya mwezi, wala si malipo ya mauzo yaliyopotea.

Zaidi ya hayo, neno "kupatikana" lina maana pana katika Kiswahili cha kila siku. Kitu kisichopatikana ni kile kisichouzwa, au kisichoweza kufikiwa, au kilichopotea kabisa. Mwenye duka akisoma kwamba data yake "haipatikani" atashika kichwa, akidhani imekwisha kupotea. Mtoa huduma amekusudia tu kwamba mlango umefungwa kwa sasa. Kupotea na kutopotea kwahusu ahadi nyingine, inayofaa kuitwa "kuhifadhika". Amazon, kwa mfano, yasema kwamba ghala lake kuu la data limebuniwa kwa kuhifadhika kwa asilimia 99.999999999, ilhali kupatikana kwake ni asilimia 99.99. Ni ahadi mbili mbalimbali, na atakayezifasiri kwa neno moja atamfanya msomaji aichukue namba kubwa kuwa ni ya zote.

Wala kuhifadhika hakumlindi mtu na makosa ya binadamu. Mei 2024, mfuko mmoja mkubwa wa akiba ya uzeeni wa Australia, UniSuper, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulikuta huduma zake zilizokuwa Google Cloud zimefutwa kwa sababu ya kosa la mpangilio. Data ilikuwa imewekwa sehemu mbili za kijiografia, nazo zikafutika zote, kwa kuwa zilikuwa chini ya usajili mmoja. Katika kuurudisha mfuko huo, nakala zilizowekwa kwa mtoa huduma mwingine zilisaidia sana. Funzo lake ni wazi: nakala ya akiba iwe chini ya ufunguo mwingine, na ikiwezekana chini ya mwenyewe mwingine.

Neno la pili lenye kupotosha ni "wajibu wa pamoja", ambalo hutumiwa kueleza nani hulinda nini. Katika Kiswahili, watu wenye wajibu wa pamoja huwajibika wote kwa jambo zima, kama ndugu walioachiwa deni la baba. Lakini mapatano ya wingu hayasemi hivyo. Mtoa huduma hulinda jengo, umeme na mitambo. Mteja hulinda nywila zake, huamua nani aingie na nani asiingie, na huchagua kama data ifichwe kwa msimbo. Ikiwa mteja ameacha mlango wazi, hasara ni yake. Ingefaa zaidi basi kusema "wajibu uliogawanywa", ili kila upande ujue mpaka wake.

Kuingia na kutoka

Mwisho, gharama. Bei za watoa huduma wakubwa aghalabu hupangwa kwa dola. Shilingi ya Kenya, iliyokuwa kama 123 kwa dola mwanzoni mwa 2023, ilipita 160 Januari 2024, kisha ikarudi kwenye 129 au 130 kabla mwaka huo haujaisha. Mtu aliyetumia huduma ile ile, bila kuongeza chochote, aliona hesabu yake ikipanda kwa karibu theluthi moja. Tena, kwa desturi kuingiza data hakulipiwi, bali kuitoa hulipiwa. Mwanzoni mwa 2024, Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kuondoa malipo hayo kwa mteja anayehama kabisa. Na sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, imeamuru malipo ya kuhama yaondoshwe kuanzia Januari 12, 2027. Lakini malipo ya kutoka si kufuli pekee. Programu iliyoandikwa kwa kufuata vyombo vya mtoa huduma mmoja tu haitahama bila kuandikwa upya, na kazi hiyo hakuna sheria inayoisamehe.

Kwa hiyo mfanyabiashara mwenye busara huanza na haja zake mwenyewe: aweza kustahimili saa ngapi bila daftari, na kazi ya muda gani aweza kuipoteza bila kuangamia? Kisha hujaribu kwa kazi ndogo, kwa mwezi mmoja au miwili. Hurudisha nakala ya akiba mahali pengine ili ajue kama yafanya kazi kweli, kwani nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Na kabla ya kuingia huandika jinsi atakavyotoka.

Wataalamu wa lugha nao wana sehemu yao katika kazi hii. Mapatano mengi ya wingu huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye duka hutia sahihi kwa kuamini maelezo ya kijana aliyemfungulia akaunti. Istilahi zikitungwa kwa uangalifu, hivi kwamba "kupatikana" kusichanganywe na "kuhifadhika", wala mgawanyo wa wajibu usiitwe "pamoja", mwenye mali atajua amekabidhi nini na amebaki na nini. Wazee hawakusema tu kwamba mali yataka daftari. Walionya kwamba hupotea "bila habari". Habari hiyo yapaswa kumfikia mwenye mali kwa lugha anayoielewa, na imfikie kabla ya kutia sahihi.