Kuunasa Mwendo: Upigaji Picha za Magari Yanayoserereka na Mazoezi Yake Migori na Homa Bay

Drifti ni mchezo wa magari ambamo dereva hulifanya gari liserereke kwa ubavu katika kona kwa makusudi, magurudumu ya nyuma yakiwa yamepoteza mshiko wa ardhi huku ya mbele yakielekezwa kinyume cha kona ili gari lisizunguke na kugeuka lilikotoka. Katika mbio za kawaida mshindi huamuliwa na saa, lakini katika mchezo huu huamuliwa na macho ya waamuzi, ambao hupima kasi, pembe ya gari, njia lililoifuata na mtindo wa dereva. Kwa sababu hiyo picha ina nafasi ya pekee katika drifti, kwani mambo yale yale anayoyatafuta mwamuzi ndiyo mpiga picha anayopaswa kuyaonyesha, na picha isiyoonyesha pembe wala kasi haiwezi kutofautishwa na picha ya gari lililoegeshwa vibaya.

Mchezo huu ulichipuka Japani. Katika miaka ya 1970 dereva Kunimitsu Takahashi alijulikana kwa kuserereka katika kona za viwanja vya mbio, na baada yake Keiichi Tsuchiya aliupeleka ustadi huo kwenye barabara za milimani na kuutangaza kwa vijana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulipopata mashindano rasmi yaitwayo D1 Grand Prix. Magari yaliyoukuza, hasa ya Toyota na Nissan ambayo injini zake husukuma magurudumu ya nyuma, ni jamaa wa magari yanayoingizwa Kenya kutoka Japani yakiwa yametumika. Hata hivyo si kila gari la Kijapani linaufaa mchezo huu. Mark X, ambayo kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, huweza kuserereshwa kwa nguvu ya injini, ilhali Probox za kawaida zinazobeba abiria katika barabara za kaunti za Migori na Homa Bay huvutwa na magurudumu ya mbele, na kwa hiyo mkia wake haupindi kwa kukanyaga mafuta peke yake.

Kenya nayo ina urithi wake wa magari yanayoserereka, ingawa urithi huo ulizaliwa kwenye vumbi na matope badala ya lami. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ziliwafundisha madereva kama Joginder Singh, mshindi wa miaka ya 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, kwamba katika barabara ya udongo gari hupita kona kwa kuserereka ama halipiti kabisa. Tangu mbio hizo ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanyika Naivasha, wapiga picha wengi chipukizi wamezitumia kama darasa. Chini ya ngazi hiyo yapo mashindano ya autokrosi, yaani mbio fupi katika njia ya udongo iliyozungushwa uwanjani, ambamo madereva wasio wa kulipwa hushindana na mpiga picha huweza kuliona gari lile lile katika kona ile ile mara nyingi.

Suala kuu katika sanaa hii ni kwamba kamera huusimamisha mwendo, wakati lengo la mpiga picha ni kuuonyesha. Ufumbuzi wake umo katika kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi ili mwanga uifikie sensa, ambayo ni bamba linalopokea taswira. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa husafiri takriban mita 16.7 kwa sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, gari litakuwa limesogea chini ya sentimita mbili, na gurudumu lake, ambalo mzingo wake ni kama mita mbili, litakuwa limezunguka nyuzi tatu tu, kiasi kwamba litaonekana limesimama. Shata hiyo ikifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, gari husogea sentimita 28 na gurudumu huzunguka karibu nyuzi 50, hivyo vijiti vya rimu huyeyuka na kuwa duara la ukungu, na mtazamaji hutambua mara moja kuwa gari lilikuwa mbioni. Kuchagua kasi ya shata ni kuamua nini kibaki wazi na nini kifutike, na uamuzi huo huathiri picha kuliko bei ya kamera.

Ili gari lenyewe lisifutike pamoja na mandhari, mpiga picha huifuatisha kamera: huanza kulilenga gari likiwa mbali, huzungusha kiuno kwa mwendo ulio sawa na wa gari, hubonyeza kitufe bila kusita, na huendelea kuzunguka hata baada ya shata kufunga. Njia hii ina historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha mashuhuri ya gari la mashindano ambamo gurudumu linaonekana limeinamia mbele na watazamaji wameinamia nyuma, kwa kuwa pazia la kamera yake lilipitisha mwanga sehemu baada ya sehemu huku yeye akiizungusha. Simu za leo hurudia tabia hiyo, kwani sensa zake nyingi husoma taswira mstari kwa mstari, na ndiyo maana gari lipitalo kwa kasi mbele ya simu huweza kuonekana limepinda.

Gari la drifti huongeza ugumu ambao haumo katika mbio za kawaida. Gari linaloserereka husonga mbele na wakati huo huo hujizungusha, kwa hiyo mkia wake hausafiri kwa mwendo ule ule wa pua, na mpiga picha anayetumia shata ya polepole hawezi kuliweka gari zima wazi. Hana budi kuchagua sehemu moja, kwa kawaida taa ya mbele au dirisha la dereva, kisha auache mkia ufutike kidogo. Ukungu huo wa nyuma si kasoro, kwani ndio ushahidi wa pembe na mzunguko ambao waamuzi huutolea alama. Anayeanza inafaa aanze na sehemu moja ya 250 ya sekunde, kisha ashuke hadi 125 na 60 kadiri mkono unavyozoea, akijua kwamba hata mabingwa hutupa picha nyingi ili kupata moja.

Kuhusu vifaa, kamera yoyote inayobadilishwa lenzi, iwe ya kioo cha ndani au ya kizazi kipya kisicho na kioo, hutosha iwapo inaweza kufuata umakinifu mfululizo, yaani kurekebisha lenzi bila kukoma wakati kitu kinachopigwa kinasogea. Lenzi ya milimita 70 hadi 200 au 70 hadi 300 ndiyo inayofaa zaidi, kwani huleta gari karibu huku mpiga picha akibaki mbali na hatari. Kamera zenye sensa ndogo, ambazo ndizo za bei nafuu, hukata kingo za taswira, kiasi kwamba lenzi ya milimita 200 huona eneo ambalo lenzi ya 300 au 320 ingeliona katika sensa kubwa, jambo lenye faida kwa asiye na fedha za lenzi ndefu. Mguu mmoja wa kuegemeza kamera huupa mzunguko uthabiti, na kadi ya kuhifadhia picha yenye kasi kubwa ya kuandika huizuia kamera kukwama katikati ya picha mfululizo.

Mwanga wa Migori na Homa Bay unahitaji maarifa yake. Kaunti hizi ziko kusini kidogo tu mwa ikweta, na kati ya saa sita na saba mchana jua huwa karibu na utosi, likitia kivuli kizito chini ya gari na kuficha uso wa dereva. Katika jua kali, kwa kipimo cha chini cha hisi ya mwanga, yaani 100, na tundu la lenzi la namba 16, shata sahihi huwa karibu na sehemu moja ya 100 ya sekunde. Anayetaka kushuka hadi 60 au 30 hulazimika kulibana tundu zaidi, na tundu likiwa dogo mno mwanga husambaa ukingoni mwake na picha hupoteza makali. Dawa yake ni kichujio cheusi kinachopunguza mwanga, au kichujio cha kukata mng'ao, ambacho hupunguza mwanga na pia huondoa sehemu ya mwako wa kioo cha mbele ili dereva aonekane. Saa nzuri zaidi ni ya mwisho kabla ya machweo, ambayo huku hutokea kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja kasoro, lakini haidumu, kwa sababu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima.

Vumbi ni adui wa sensa na rafiki wa picha. Likimulikwa na jua la jioni kutoka nyuma, vumbi jekundu la barabara za murram huwaka na kulichora gari kwa mstari wa mwanga, kama moshi wa matairi unavyofanya kwenye lami. Mpiga picha husimama upande unakotoka upepo, akikumbuka kuwa karibu na Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria upepo wa alasiri kwa kawaida hutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Habadilishi lenzi palipo na vumbi. Na hupuliza kamera kwa pampu ya mkono kabla ya kuifuta, kwani chembe za mchanga hukwaruza kioo.

Mahali pa kusimama ni suala la uhai. Gari linaloserereka likipoteza mshiko wote huendelea kwenda nje ya kona, kwa hiyo upande wa nje, hasa panapoishia kona, si mahali pa binadamu asiye nyuma ya ukuta imara. Upande wa ndani, kwa umbali uliowekwa na wasimamizi, ndiko pua ya gari inakoelekea, na ndiko magurudumu yaliyogeuzwa na uso wa dereva huonekana vizuri zaidi. Hapa usalama na uzuri wa picha vimekubaliana. Barabara ya umma haimo katika hesabu hii: anayewapiga picha vijana wanaoserereka kati ya wapita njia huwapa sifa wanayoitafuta, na hivyo hushiriki katika hatari yao.

Mazoezi, hata hivyo, hayahitaji mashindano. Bodaboda zinazopita Awendo, matrekta ya miwa na boti za injini zinazokatiza maji karibu na Mbita na Rusinga humpa mwanafunzi vyombo vya kasi mbalimbali siku nzima, akiwa amesimama mbali na njia. Boti hufundisha jambo la ziada, kwani hupanda na kushuka kwa mawimbi, na mkono uliozoea mwendo wa namna mbili hautashangazwa na gari linalosonga na kuzunguka kwa pamoja.

Mwisho, picha ina sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu taswira ya mtu anayetambulika kuwa taarifa binafsi, hivyo picha ya mwendesha bodaboda au mtazamaji haifai kuuzwa kwa matangazo bila ridhaa yake. Ndege isiyo na rubani ya kupigia picha huhitaji kusajiliwa na mamlaka ya usafiri wa anga chini ya kanuni za mwaka 2020. Na hakimiliki ya picha hulindwa nchini Kenya kwa miaka 50. Ulinzi huo wa mwisho una uzito kwa mashindano ya madereva wasio wa kulipwa, ambayo mara chache huandikwa magazetini. Dereva anayetumia mshahara wake kununua matairi hana kumbukumbu nyingine ya ustadi wake ila picha, na kijana wa Migori au Homa Bay anayejifunza kuipiga kwa usahihi anaandika historia ya mchezo ambayo hakuna mwingine anayeiandika.