Nafasi ya Beseni la Kuogea na Bomba la Mvua Karibu na Dirisha: Suala la Mahali pa Kuanzia Kipimo

Makala haya yanafafanua namna ya kupanga beseni la kuogea au bomba la mvua karibu na dirisha bila kumhatarisha mwogaji. Hoja inayojengwa ni kwamba kimo cha dirisha, ambacho katika michoro ya majengo hupimwa kuanzia sakafu ya chumba, kinapaswa kupimwa kuanzia pale mguu wa mwogaji unapokanyaga. Kwa kuwa neno bafu katika Kiswahili hubeba maana ya chumba na pia ya chombo, hapa litatumika kwa chumba pekee. Chombo kitaitwa beseni.

Katika nyumba za mawe za mwambao, kama zile za Lamu, watu walioga kwa kuchota maji kwa kata kutoka katika birika lililojengwa ndani ya bafu. Mwogaji alisimama sakafuni, hivyo kipimo cha sakafu na kipimo cha mguu vilikuwa kitu kimoja. Beseni limeutenganisha uhusiano huo. Tuchukulie dirisha ambalo kizingiti chake kiko sentimita 110 juu ya sakafu, na beseni lililopangwa chini yake. Ikiwa kitako cha beseni kimeinuka sentimita 15, aliyesimama ndani yake amebakiwa na sentimita 95 tu. Ikiwa ukingo wa beseni uko sentimita 55 juu ya sakafu, aliyepanda juu ya ukingo huo ana sentimita 55 pekee kati ya nyayo zake na kizingiti. Mtu mzima mwenye kimo cha sentimita 165 ana kitovu cha uzito karibu sentimita 90 juu ya nyayo. Maana yake ni kwamba dirisha lililoonekana salama katika mchoro sasa liko usawa wa mapaja yake, naye amesimama juu ya ukingo uliolowa na wenye sabuni.

Huenda msomaji akauliza ni nani atakayepanda ukingoni. Mtoto atapanda, bila shaka. Lakini hata mtu mzima hulazimika kufanya hivyo pale komeo la dirisha linapokuwa ng'ambo ya beseni na mvuke unahitaji kutolewa. Kwa maoni ya mwandishi, komeo lisilofikika kwa mtu aliyesimama sakafuni ni kosa la usanifu, wala si uzembe wa mtumiaji.

Hatari ya pili ni kioo chenyewe. Kioo cha kawaida huvunjika vipande virefu vyenye ncha, na mwogaji hana nguo ya kumkinga. Kanuni ya kimataifa ya nyumba za makazi, ambayo hutumika sana Marekani, huhesabu kioo kinachopakana na beseni au bomba la mvua kuwa mahali pa hatari iwapo ukingo wake wa chini uko chini ya inchi 60, yaani takribani sentimita 152, juu ya sehemu yoyote ya kusimama au kutembea, na kiko ndani ya inchi 60 kwa mlalo kutoka ukingo wa maji. Maneno "sehemu yoyote ya kusimama" ndiyo yenye uzito: hayaitaji sakafu peke yake. Mahali hapo hutakiwa kioo cha usalama. Kioo kilichoimarishwa kwa joto huvunjika vipande vidogo vilivyo butu. Kile cha matabaka hushikiliwa na utando wa plastiki uliomo katikati yake.

Katika miji yetu wapo wanaodhani kwamba nondo za dirishani zimekwisha kulitatua tatizo hili. Zimelitatua nusu. Nondo huzuia kuanguka nje, lakini zikiwa upande wa nje wa kioo, mwili hukipiga kioo kwanza. Nondo za mlalo nazo humfaa mtoto kama ngazi. Wavu wa mbu haupaswi kuhesabiwa kabisa kuwa kizuizi. Vioo vya luva vina faida ya kufunguliwa kwa mkono mmoja, ila kingo zake huwa wazi, kwa hiyo havifai usawa wa kiwiliwili cha mwogaji.

Kuhusu umeme, kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-701 hugawa bafu katika kanda zinazofika mita 2.25 juu, na mita 0.6 zaidi kwa mlalo nje ya beseni. Feni ya kutolea mvuke inayopachikwa dirishani juu ya beseni huangukia ndani ya kanda hizo, hivyo ni lazima iwe ya aina inayoruhusiwa humo.

Mpango unaopendekezwa ni beseni kuwekwa kwenye ukuta usio na dirisha. Pale nafasi isiporuhusu, kizingiti kiinuliwe, kiwekewe vigae na mteremko wa kurudisha maji ndani ya beseni, na sehemu inayofunguka izuiwe isizidi sentimita 10. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, utando wa kunata wa usalama hushikilia vipande kioo kinapovunjika, ingawa haukiongezei kioo uimara wa kumzuia mtu asianguke. Mchoro wa mkato wa bafu nao uoneshe mistari mitatu ya kimo: ya sakafu, ya kitako cha beseni na ya ukingo wake, kizingiti kikipimwa kutoka kila mmojawapo.